Kusisimka kwa kiini

Mwili husisimka kwa baridi ya ghafla, kwa hofu, hata kwa habari njema, kisha hutulia. Sioni kitenzi kinachofaa zaidi kueleza kiini cha atomu kilichopata nishati ya ziada.

Tuchukue oksijeni ya kawaida, yenye protoni 8 na nyutroni 8. Kiini chake ni kigumu kukisisimua. Elektroni zikirushwa kwa kasi kubwa, nyingi hutawanyika bila kupoteza nishati ya kutajika. Chache huacha ndani ya kiini elektronivolti milioni 6.13, nazo zikipita kwenye sumaku hupinda zaidi ya zile nyingine. Hapo ndipo mpimaji anapojua kwamba kiini kimesisimka. Kwa elimu ya kutawanya elektroni kwenye viini, Robert Hofstadter wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Chini kidogo ya ngazi hiyo ya nishati ya milioni 6.13 ipo nyingine, ya milioni 6.05, na hiyo ni ya ajabu. Kiini kikiwa hapo hakiwezi kutulia kwa kutoa mwale mmoja wa gama. Hutoa elektroni pamoja na pozitroni.

Sarufi yetu inatosha kabisa hapa: elektroni inasisimua, kiini kinasisimka. Kwa hiyo walimu na wafasiri, andikeni “kiini kilichosisimka”. “Kiini cha kusisimua” kinamfanya mtendwa kuwa mtenda, na mwanafunzi atapotea.