Ndoo kichwani, medali shingoni: nani aongoze sayansi ya mazoezi?

Ukitoka Lulindi kwenda Newala, unapanda. Huko juu, kwenye uwanda wa Makonde, udongo ni wa kichanga: mvua inanyesha, maji yanazama, na chemchemi zinatokea chini kabisa mabondeni. Ndiyo maana kwa vizazi vingi wanawake walishuka mteremko na mtungi mtupu, wakapanda na mtungi uliojaa. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na kamera ya filamu na mashine ya kurekodi sauti, akashangaa kuona watu wamejenga mbali hivyo na maji.

Sasa tujiulize: mwili wa yule mama anayepanda unatumia nguvu kiasi gani? Swali la aina hiyo lilisubiri miaka 80.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi lilikuwa la G. M. O. Maloiy, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walipima oksijeni, kwa sababu misuli ikifanya kazi huihitaji ili kuchoma chakula: kazi ikizidi, oksijeni inazidi. Matokeo yalishangaza. Wanawake wale waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila oksijeni kuongezeka. Mwaka 1995 wenzake wa Maloiy walieleza kwamba siri iko kwenye mwendo: mwili unapanda na kushuka kidogo kila hatua, kama bembea, na wazoefu hupoteza nguvu kidogo zaidi katika mzunguko huo.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2010 utafiti mwingine, kwa wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini, haukuuona unafuu huo. Sayansi ndivyo inavyokwenda, inapima na kupima tena.

Upande wa riadha nako kulikuwa na swali: kwa nini Wakenya wanakimbia hivi? Mwaka 1990 Bengt Saltin, bingwa wa fiziolojia ya mazoezi kutoka Skandinavia, alikwenda Kenya na timu yake, wakawalinganisha wakimbiaji wa huko na wa Sweden. Kazi ilikuwa nzuri, ila angalia mpangilio: mkimbiaji ni Mwafrika, anayeuliza swali ni mgeni.

Hapa ndipo anaingia Mike Boit. Alipata shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich 1972. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, alipata fedha. Na kwenye michezo hiyohiyo Filbert Bayi wetu akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.2. Olimpiki ya 1976 Boit aliikosa kwa sababu nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, ziligoma kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Lakini hakukaa akisimulia medali tu. Alisoma Marekani hadi udaktari, Oregon, akarudi nyumbani, miaka ya 1990 akawa Kamishna wa Michezo, na akafundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta kama profesa wa sayansi ya michezo. Mwaka 2006 yeye, Vincent Onywera wa chuo hichohicho na wenzao wa Glasgow walichapisha utafiti uliowahoji wakimbiaji 404 na Wakenya wengine 87 wa kulinganisha nao. Waliuliza vitu ambavyo mtu aliyekulia huko angeuliza: umezaliwa wapi, shuleni ulikwenda kwa mguu au mbio, ulianza kukimbia kwa sababu gani?

Kwenye karatasi, mkuu wa idara ni mtu wa kupanga vipindi, kusaini fomu za mitihani na kugombania bajeti. Kweli, siku nyingi huisha hivyo. Ila yeye ndiye anayesukuma uamuzi wa mashine ipi inunuliwe kwanza, mwanafunzi yupi wa uzamili apelekwe uwandani, na swali lipi lionekane la maana. Mtu huyo akiwa hajui maisha ya wanaopimwa, maswali mengine hayazaliwi kabisa.

Tanzania tunayo idara ya elimu kwa michezo na sayansi ya michezo, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Medali ni sehemu ya kazi yake, lakini kuna watu wengi zaidi wanaofanya mazoezi mazito kila siku bila kuyaita mazoezi. Kipimo cha oksijeni kinaeleza nguvu iliyotumika. Hakielezi shingo inauma kiasi gani baada ya miaka 30 ya ndoo. Mwanafunzi aliyeona wazazi wake wakipanda mlima wa Newala na maji kichwani angeanza na shingo. Kazi ya idara ni kumpa nafasi ya kuuliza.