Kwa nini wakusanyaji wa filamu za kale huithamini ‘Hatari!’

Miongoni mwa wakusanyaji wa filamu za kale, zile zinazosimulia wizi uliopangwa kwa ustadi zina wapenzi wake. Mvuto wake hauko katika mali inayoibwa, bali katika kazi yenyewe: kikundi cha watu wachache, kila mmoja na fani yake, mpango unaopimwa hatua kwa hatua, na kosa dogo linaloweza kuharibu yote. Katika ‘Rififi’, iliyoongozwa na Jules Dassin nchini Ufaransa mwaka 1955, wezi huvamia duka la vito kwa takriban nusu saa bila mazungumzo wala muziki.

Kaskazini mwa Tanzania kuna filamu inayokaribiana nazo. ‘Hatari!’, ya Mmarekani Howard Hawks, haihusu wizi, lakini imejengwa kwa muundo huohuo. Ilipigwa Tanganyika kabla ya Uhuru wa Desemba 1961, na kutolewa mwaka 1962. Kikundi kinachoongozwa na John Wayne hukamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Wamo madereva hodari, mtaalamu wa bunduki, na mbunifu anayeunda roketi ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa tumbili.

Tofauti iko hapa: sefu katika filamu za wizi huwa ya kuigiza, ilhali vifaru wa ‘Hatari!’ walikuwa wa kweli, na waigizaji wenyewe walishiriki kuwafukuza na kuwafunga kamba. Mmoja wao, Mjerumani Hardy Krüger, baadaye alinunua shamba Momella, karibu na Mlima Meru, akaishi huko.

Kwa sababu hiyo filamu hiyo imegeuka kumbukumbu. Katika kreta ya Ngorongoro, chini ya nyanda za juu za Nainokanoka ambako Mto Munge huteremka kutoka Olmoti, vifaru weusi zaidi ya 100 walitambuliwa katikati ya miaka ya 1960. Ujangili ulisababisha wabaki wachache mno mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya ulinzi mkali kuwawezesha kuongezeka tena.

Leo ni marufuku kuwafukuza wanyama kwa magari ndani ya hifadhi, hivyo ‘Hatari!’ haiwezi kupigwa upya kama ilivyopigwa wakati ule. Mkusanyaji anayehifadhi nakala yake huhifadhi pia taswira ya Tanganyika katika mwaka wake wa mwisho chini ya utawala wa Uingereza.