Mwalimu na Likizo Ndefu Katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Watu wa Ujiji na Kigoma walijua mapumziko kabla ya kujua likizo. Mvuvi wa dagaa alikwenda ziwani katika usiku wa giza, akawasha vienge vya matete katika mtumbwi wake, na samaki waliofuata mwanga akawateka kwa lusenga, yaani wavu wenye mpini mrefu. Mwezi ulipopevuka mwanga wa kienge haukuwa na nguvu tena. Mitumbwi ilivutwa mchangani, na siku zile zikawa za kushona nyavu, kuposa, na kudaiana madeni. Hata taa za karabai zilipochukua mahali pa vienge desturi haikugeuka, kwa maana karabai nayo haishindani na mbalamwezi. Kadhalika wachemsha chumvi wa Uvinza walifanya kazi yao wakati wa kiangazi, na mvua ziliponyesha walishika majembe. Mwalimu wa chuo cha Kurani alifunga chuo siku ya Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa na shughuli yake msikitini. Hakuna katika hawa aliyepumzika peke yake. Wenziwe wote walipumzika naye, na mapumziko yenyewe yalikuwa na kazi zake.

Mwalimu wa shule alikuja na mapumziko ya namna nyingine. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka wa 1914, mwanzoni mwa mwaka ambao vita vikuu vilianza. Wabelgiji waliushika mji tangu 1916 hata 1921, ndipo Waingereza wakautwaa. Idara ya Elimu ya Tanganyika ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka wa 1920. Pamoja na shule ilikuja kalenda, na kalenda hiyo haikutazama mwezi wala mvua. Iliandikwa ofisini, nakala moja kwa nchi nzima, ikamwambia mwalimu siku ya kufungua na siku ya kufunga.

Hapa ndipo penye ajabu ya jambo hili. Katika nchi ya Kigoma mvua huanza kiasi cha Oktoba au Novemba na kuendelea hata Aprili au Mei. Likizo ya mwisho wa mwaka basi huangukia katikati ya kilimo, wakati ambapo hata mtoto wa miaka saba ana kazi yake shambani. Shule ilipofungwa wanafunzi hawakwenda kupumzika. Walikwenda kulima mihogo, maharagwe na mahindi. Aliyebaki bila kazi ni mwalimu. Akiwa mgeni, aliyeletwa kutoka Tabora au Bukoba au mbali zaidi, hakuwa na shamba la urithi wala mtumbwi. Alikuwa na mshahara, na mshahara ulimtenga na jembe. Kiswahili husema juu ya mtu kama huyu kwamba amechoka kukaa, ingawa hakufanya kazi yoyote. Na lugha ina haki, kwa kuwa kuchoka huko ni kuchoka kweli, tena hakuondoki kwa kulala.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini asirudi kwao. Wengine walirudi. Lakini kutoka Kigoma hata Dar es Salaam ni karibu kilometa 1,250 za reli, na kwa wenye kwao mbali na reli, stesheni ilikuwa mwanzo tu wa safari. Aliyetoka vijiji vya kusini vya mwambao alingoja meli ya Liemba, ile iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka wa 1916, ikaopolewa mwaka wa 1924 na kuanza safari tena mwaka wa 1927. Nauli ya mtu mwenye mke na watoto, na zawadi ambazo jamaa humtazamia mwenye mshahara, zilitosha kumfanya mwalimu abaki barazani akitazama mvua juu ya ziwa.

Si kwamba hapakuwa na la kufanya. Katika miaka ya 1950 lilikuwapo jambo moja kubwa, nalo lilimvuta kila aliyejua kusoma gazeti. Ujiji haukuwa mgeni wa siasa. Saadani Abdu Kandoro, mshairi aliyezaliwa mji huo, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU tarehe 7 Julai 1954. Lakini mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na mwalimu wa shule ya serikali alikuwa mtumishi. Basi yule aliyekuwa na wakati mwingi kuliko wote, na kalamu, na uwezo wa kusoma barua za watu wasiojua kusoma, ndiye aliyefungwa mdomo. Muuza samaki aliweza kukata kadi. Mwalimu alipaswa kupima kadi kwa mkate wa watoto wake. Ukiwa wa likizo yake haukutokana na uvivu, kama wengine walivyopenda kusema. Sehemu yake kubwa ilikuwa amri.

Walimu wa misheni walikuwa na upenyo, lakini mwembamba. Julius Nyerere, rais wa kwanza wa TANU, alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis huko Pugu, akiunganisha darasa na chama mpaka alipotakiwa achague kimoja. Akaacha ualimu mwezi Machi 1955. Jina la Mwalimu hakuliacha, au labda lenyewe halikumwacha.

Katika mwambao huo huo alikuwapo mtu ambaye maisha yake huonyesha upande wa pili. Adrien Atiman, mzaliwa wa Afrika ya Magharibi, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa utabibu Malta, alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawa katekista na tabibu hapo hata alipofariki mwaka wa 1956. Maradhi hayafungi shule mwezi Desemba. Naye, mgeni wa kutoka mbali kuliko mwalimu yeyote wa serikali, alioa na kuzeeka hapo Karema. Labda tofauti yake na wale wengine ni kwamba yeye alikaa, nao walikuwa wakingoja kuhamishwa.

Baada ya Uhuru mwaka wa 1961 wakati wa mwalimu ulipata mdai mwingine. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka wa 1967 ilileta shamba ndani ya shule, na shamba halijui likizo. Mwaka wa 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na walimu wengi wa shule za msingi wakawafundisha wazee wa vijiji alfabeti. Mwaka wa 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijiji vipya, na vijiji vikahitaji shule. Malalamiko ya walimu yakageuka: zamani walilia wakati mwingi, sasa walilia wakati mchache.

Na hata hivyo ukiwa ule wa zamani haukwisha kabisa. Mwezi ukiwa mpevu, mwalimu mgeni hukaa mchangani pamoja na wavuvi wanaoshona nyavu, akawasomea gazeti au akashika ncha moja ya wavu, na kwa siku chache wote hawana kazi sawasawa. Kisha mwezi hupungua, wavuvi hutia mafuta taa zao na kusukuma mitumbwi majini. Likizo yake yeye bado wiki tatu.