Mvuke Uliofanya Kazi Mara Tatu

Someni pole pole, na neno lisilowaelea mwulizeni mwalimu wenu wa darasa.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya sufuria na moto. Twataka kujua jinsi watu walivyojifunza kuondoa maji katika kitu chepesi, kama maji ya miwa, mpaka kibaki kitu kizito, bila kuteketeza msitu mzima kwa kuni.

Kwanza fanyeni jaribio. Teleka kikombe kimoja cha maji juu ya moto usiobadilika, utazame saa. Andika dakika zilizopita mpaka maji yalipochemka. Kisha yaache yachemke mpaka yakaribie kwisha, uipue sufuria isije ikaungua. Utaona kwamba kuyakausha kumechukua muda mrefu zaidi, kama mara sita au saba ya ule wa kuyachemsha. Tena maji yakisha chemka hayazidi kuwa moto, hata ukiongeza kuni. Je, moto huo wote umekwenda wapi?

Umechukuliwa na mvuke. Joseph Black, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow katika Scotland, alilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1760. Aligundua kwamba joto limejificha ndani ya mvuke, na mvuke ukigeuka maji tena hulitoa lote. Ndiyo sababu mvuke wa birika huunguza mkono vibaya sana.

Sasa twende Louisiana, jimbo la kusini la Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19. Huko palikuwa na mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa na watumwa wa asili ya Afrika. (Sisi pia tulikuwa nayo: bonde la Mto Pangani katika karne hiyo hiyo lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa.) Maji ya miwa yalipikwa katika masufuria makubwa yaliyo wazi, yamepangwa safu moja juu ya tanuri, kutoka kubwa mpaka dogo. Watumwa walisimama kando na pawa ndefu, wakiteka maji yanayotokota na kuyatia katika sufuria la pili, kisha la tatu, mpaka yakawa mazito. Walifanya hivyo mchana na usiku wakati wa mavuno. Wengi waliungua. Sukari nyingine iliungua pia, ikawa nyeusi. Kuni ziliteketea kwa malundo, na mvuke wote, pamoja na joto lake, ukapotelea darini.

Aliyeuzuia mvuke huo usipotee aliitwa Norbert Rillieux. Alizaliwa mjini New Orleans mwaka 1806. Mama yake, Constance Vivant, alikuwa mwanamke huru mwenye asili ya Afrika. Baba yake, Vincent Rillieux, alikuwa Mzungu. Sheria za Louisiana hazikuwaruhusu wawili hao kuoana. Lakini baba alimpeleka mtoto Ufaransa kusoma, na kabla Norbert hajatimiza miaka 25 alikuwa akifundisha mambo ya mashine katika chuo cha École Centrale, Paris.

Rillieux hakuanza na mikono mitupu. Mwingereza mmoja, Edward Charles Howard, tangu mwaka 1813 alikuwa amekwisha kupika sukari katika chombo kilichofungwa, kilichotolewa hewa kwa bomba la kuvuta. Hewa ina uzito, nao hukandamiza maji. Uzito ukipungua, maji huchemka kwa joto dogo. Juu ya Kilimanjaro maji huchemka kabla hayajawa moto kama yale ya Tanga. Howard aliiokoa sukari isiungue, lakini mvuke wake aliutupa.

Rillieux aliunganisha vyombo vitatu. Chombo cha kwanza kilipata joto lake kutoka nje. Mvuke uliotoka ndani yake haukuachwa uende zake. Ulipitishwa katika mirija iliyomo ndani ya chombo cha pili, ambamo hewa ilikuwa imepunguzwa. Kwa kuwa humo maji ya miwa huchemka kwa joto dogo, mvuke huo ulitosha kuyachemsha. Mvuke wa cha pili ukachemsha cha tatu, chenye hewa chache zaidi. Basi moto ulinunuliwa mara moja tu, ukafanya kazi mara tatu, na kuni zilizohitajiwa zikawa karibu theluthi moja ya zile za kwanza. Wala hapakuwa na haja ya pawa.

Alipata hati za kulinda uvumbuzi wake mwaka 1843 na 1846. Mtambo ulienea katika Louisiana, kisha ukavuka bahari. Watumwa walipumzishwa masufuria, lakini hawakupewa uhuru. Faida iliingia mfukoni mwa wenye mashamba. Hata Rillieux mwenyewe, ambaye ujuzi wake uliwatajirisha, hakuwa sawa nao mbele ya sheria, na katika miaka ya 1850 sheria zilizidi kuwabana watu huru weusi. Alirudi Ufaransa, akafa Paris mwaka 1894. Mimi naona jina lake lastahili kujulikana kama la James Watt.

Njia yake haikubaki kwenye sukari. Chukueni glikoli, dawa inayotiwa katika rejeta za magari ya nchi za baridi ili maji yasigande. Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz aliitengeneza kwanza katika miaka ya 1850. Leo hutumika pia kufanyiza nguo za poliesta na chupa za plastiki. Viwandani huipata kwa kuchanganya oksidi ya ethilini na maji mengi sana, kwa maana maji yakiwa machache hutokea vitu vingine visivyotakiwa. Kwa hiyo mchanganyiko unaotoka huwa na maji mengi kuliko glikoli. Hapo ndipo safu ya vyombo vya Rillieux huingia kazini, mvuke wa kimoja ukichemsha kingine.

Mbona basi wasipange vyombo ishirini? Kwa sababu kila chombo hutaka chuma na fedha, na tofauti ya joto baina ya kimoja na cha pili huzidi kuwa ndogo, hata kazi ikawa ya pole pole mno.

Aliye karibu na kiwanda cha sukari, kama cha Kilombero au cha Kakira, aombe ruhusa aonyeshwe. Atafute bomba nene linalotoka juu ya chombo kimoja na kuingia katika kingine, kisha aulize ni kipi chenye joto dogo kuliko vyote.