Sotoka na Miti ya Serengeti

Mtu akiulizwa ni nini kinachoamua wingi wa miti katika nchi, hutaja mvua, shoka au ndovu. Ni nadra kumsikia akitaja maradhi ya ng'ombe. Walakini historia ya Serengeti, kaskazini mwa Tanzania na jirani ya Mara yetu ya Kenya, haifahamiki pasipo maradhi hayo.

Sotoka iliingia pembe ya Afrika karibu na mwaka wa 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya askari wa Italia. Kufikia mwaka wa 1891 ilikuwa imekwisha fika Umasaini. Wanyama wa huku hawakuwa na kinga yoyote. Mahali pengi, katika ng'ombe mia walisalia kumi tu. Nyati na nyumbu nao walikufa kwa wingi. Njaa ikafuata, na ndui ikafuata njaa. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita Ngorongoro mwaka wa 1892, aliwakuta watu waliobaki mifupa na ngozi wakiomba chakula.

Malisho yaliyokosa mlaji na mchungaji yakageuka vichaka. Vichaka ni makao ya mbung'o, na mbung'o huleta malale. Basi waliosalimika hawakuweza kurudi upesi. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1951, wakoloni wengi waliiona kuwa pori la tangu asili, kumbe ukiwa wake kwa sehemu kubwa uliachwa na sotoka. Mwaka wa 1959 Wamasai waliokuwamo walihamishiwa Ngorongoro. Sioni haki katika kuwahesabu kuwa wageni watu ambao mifugo yao ilizikwa pale.

Wakati huo wengi waliamini kwamba wanyama wa porini ndio hazina ya ugonjwa. Ng'ombe waliozunguka hifadhi wakachanjwa, na huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo iliyo bora zaidi. Hakuna nyumbu aliyedungwa sindano. Hata hivyo, mnamo mwaka wa 1963 sotoka ilikuwa imewatoka nyumbu pia. Kumbe ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza! Nyumbu, waliokadiriwa kuwa 250,000 hivi mwaka wa 1961, walipita milioni moja kabla ya mwaka wa 1980.

Nyumbu hao wakala majani, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na miche ya migunga ikapona. Msomaji mwangalifu atauliza: imekuwaje vichaka viliongezeka walipokufa walaji wa majani, kisha miti ikaongezeka tena waliporudi? Jawabu ni moto. Baada ya sotoka hawakuwapo watu wa kuuwasha. Miaka mingi baadaye watu waliongezeka, moto ukarudi, ukakuta majani marefu yasiyo na mlaji, ukateketeza miche. Nyumbu walipokuja kuyala majani hayo, moto ukapungua tena. Ndiyo maana wanasayansi wa mazingira husema juu ya mfumo: mkusanyiko wa vitu ambavyo kila kimoja huathiri vyenzake, hata jambo lile lile likazaa matokeo mbalimbali kwa kadiri ya mengine yaliyopo.

Mwaka wa 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote. Wamasai wangali wanausimulia msiba ule kwa jina la Emutai, yaani maangamizi.