Santuri za Zamani na Sauti Zilizomo

Wasomaji wengi mmepata kuona katika nyumba za wazee sahani nyeusi, nzito, yenye tundu katikati na karatasi ya rangi kulizunguka tundu lile. Kwingine watoto wamekwisha kuigeuza kifuniko cha mtungi. Sahani hiyo ndiyo santuri, na nataka kueleza habari zake, na kwa nini watu kadha wa kadha leo hutumia saa zao za mapumziko kuitafuta, kuiosha na kuwasikilizisha wengine.

Santuri za zamani hizo hazikufanywa kwa plastiki, bali kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu wadogo wakaao juu ya miti ya Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Ni ndugu yake lakiri ile iliyokuwa ikipigwa muhuri juu ya barua. Sahani huzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 hauchukui ila dakika tatu hivi. Basi mwimbaji aliyezoea kuimba hata alfajiri alilazimika kuukata wimbo wake. Na ikianguka, huvunjika kama kigae.

Kwa pwani yetu jina kubwa ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, akauza vyungu kwa miguu kabla ya kuhamia mjini. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hata Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa asikilizaye pembe. Santuri zile zilinunuliwa sana, hata kampuni za Odeon na Columbia nazo zikaja kutafuta waimbaji wa pwani. Siti alifariki mwaka 1950.

Wako wanaosema kuwa hayo ni mambo ya anasa tu, hayafai kuitwa historia. Mimi sikubali. Katika nyimbo za Siti mmoja huitwa Kijiti, nao waeleza mwanamke aliyeuawa Unguja, na muuaji aliyekimbilia bara, na jinsi baraza la hukumu lilivyowatesa mashahidi badala yake. Wakubwa wa serikali waliandika vitabu vyao. Watu wa Ng'ambo, wengi wao wasiojua kusoma, waliandika vyao katika santuri. Ikivunjika sahani ya mwisho ya wimbo, ushahidi wa upande mmoja umekwisha, na upande wa pili utabaki kusema peke yake.

Huko Marekani, miaka ya 1935 hata 1945 ilikuwa ya muziki uitwao swing, wa bendi kubwa kama za Duke Ellington na Benny Goodman. Vita vilipofunga njia za bahari za Asia, shelaki ikawa adimu. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ikawakataza wenye viwanda kutumia zaidi ya sehemu ndogo ya kiasi cha kwanza, na santuri kuukuu zikakusanywa zisagwe upya. Nyingi zilipotea hivyo. Kwetu, Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na santuri za Cuba zilizofuata ziliwafundisha vijana wetu dansi kuliko mwalimu yeyote. Neno jazz lilibaki katika majina ya bendi, ingawa muziki wenyewe ulikuwa mwingine.

Hapa Mkumbara mlango ulikuwa reli. Ilifika Mombo mwaka 1905, zamani za Wadachi, kisha ikapita kwetu kwenda Moshi. Na mbao za Shume zilishuka mpaka stesheni yetu kwa kamba ya chuma iliyopita hewani. Mashamba ya mkonge yakakusanya watu wa makabila mengi wenye mshahara wa fedha. Palipo na mshahara na siku ya mapumziko, santuri hupata njia.

Mwenye kuipata leo asiioshe kwa spiriti, maana spiriti huiyeyusha shelaki. Maji baridi na sabuni kidogo yatosha, kwa kitambaa laini kinachofuata mifereji, na karatasi ya katikati isilowe. Ikaushwe kivulini; jua huipinda. Kisha isimamishwe wima, isilundikwe. Sindano ya santuri za plastiki haifai, kwa kuwa mifereji ya zamani ni mipana zaidi.

Sauti ikiisha kunakiliwa kwa mashine za siku hizi, yawezekana kuondoa mikwaruzo. Lakini wengine huisafisha hata mwimbaji aonekana kama anaimba ndani ya gunia. Heri mikwaruzo kidogo ibaki.

Kazi ya kushirikiana imekwisha kuanzwa na wengine: mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1920 hata 1950, na mwaka 2010 Honest Jon's wakatoa wa Afrika ya Mashariki. Vijijini, hata mtu asiye na mashine aweza kunakili jina na nambari iliyo juu ya karatasi. Akiwapo mzee aujuaye wimbo, maneno yake yaandikwe siku ile ile, kwa maana karatasi hutaja mwimbaji na wimbo tu, wala haisemi ulitungwa kwa ajili ya nani.