Tarehe ya Koti la Kike Rangwe

Watu wa Homa Bay mjini hudai kwamba koti la kike lilipanda Rangwe, katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay, kutoka barazani kwao, kwa mafundi waliokaa na cherehani mbele ya maduka ya Wahindi. Dai hili limerudiwa mno. Barazani kulishonwa kaptura na suruali. Koti la kike ni kazi ya Asumbi, huko huko Rangwe.

Wazee wa Gem, sehemu ya Rangwe, wanasimulia hivi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, nguo za dukani zilifuata kwa meli hadi Kendu Bay na Homa Bay, na chieno, vazi la asili la wanawake Wajaluo, ikaanza kuwekwa kando. Mapadri Wakatoliki wa Mill Hill walipojenga misheni Asumbi, wasichana wakafundishwa kusoma na kushika sindano. Darasani humo ndimo alimotoka fundi wetu wa kwanza wa makoti, mama wa Gem, na kila anayekata koti Rangwe leo amefundishwa na aliyefundishwa naye. Mama huyo alishona kwa kutazama mchoro, kwenye kurasa za magazeti ya Ulaya alizobandika ukutani.

Michoro ile ina ajabu yake, nami siwezi kuipita. Bingwa wake alikuwa René Gruau, mzaliwa wa Rimini mwaka 1909, aliyechukua jina la mama yake Mfaransa. Mbunifu Christian Dior alipoonyesha mavazi yake ya kwanza Paris, Februari 12, 1947, kiuno kimebanwa na sketi imemwaga kitambaa, Uingereza nguo zilikuwa bado za mgao, na wengi walilaani ubadhirifu ule. Gruau aliyachora mavazi ya Dior kwa brashi na wino. Mgongo mzima wa koti huwa mstari mmoja mnene mweusi, na upande wa pili ameuacha karatasi tupu, nawe unauona.

Lakini mchoro hauonyeshi mshono. Fundi ndiye ajuaye kwamba koti lile linaachia kuanzia begani, wala si kiunoni. Kwa hiyo mama alipima bega kwanza, akachora kwa chaki juu ya gazeti kuukuu, kisha akalitia koti bitana. Bega likikaa sawa, pindo hujipanga lenyewe. Barazani ni nani aliyelijua hilo?



Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952, masomo ya ushonaji yalienea vijijini, na walimu wa kike wakawa wateja wakubwa wa koti. Miaka ya 1990 mitumba ikafurika kutoka masoko ya Gikomba, Nairobi, na Kibuye, Kisumu, na makoti ya sufu yakauzwa kwa bei ndogo kuliko kitambaa chake. Mabega yake ni mapana mno kwa wanawake wetu. Wanaoyafumua na kuyakata upya ni mafundi wa Rangwe, na siku za soko wateja kutoka Homa Bay mjini huja kwao na makoti yao mkononi.